Shangazi, nywele zangu zinabaki kwenye mto

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 34, naishi Igombe huku Ilemela. Kazi yangu ni dagaa. Alfajiri mitumbwi ikiingia nanunua, naanika, na wakikauka napeleka mwaloni Kirumba.

Mwaka jana wote niliumwa nisijue naumwa nini. Vidole vinavimba asubuhi, homa inakuja inaondoka, vidonda mdomoni. Nimetibiwa malaria sijui mara ngapi, dawa za taifodi nimezinywa mpaka nikizisikia harufu natapika. Zahanati moja wakanipima damu wakasema nina kaswende. Nyumbani hapakukalika siku tatu. Mume akapimwa, hana. Tukaenda kurudia kipimo kingine hospitali kubwa, na mimi nikaonekana sina. Lakini maneno yalikuwa yameshatoka.

Mwezi wa tatu mwaka huu nikazidiwa. Nililazwa wiki tatu, homa haishuki, mashavu yamefanya weusi kama mbawa za kipepeo. Ndipo daktari akasema ni lupasi, kwamba kinga ya mwili wangu inanipiga mwenyewe. Akaniandikia prednisoloni na haidroksiklorokwini. Nikapata nafuu, nikarudi kwenye vichanja vyangu.

Mwezi wa sita nywele zikaanza kunyonyoka. Nikichana, kitana kinajaa. Nikioga, zinaziba tundu la maji. Mbele kwenye malaika zimekatika zimebaki vijiti vifupi vilivyosimama kama mtu aliyeshtuka. Dada wa duka la dawa akaniambia haidroksiklorokwini ni dawa ya malaria tu, na ndiyo inayonimaliza nywele. Nikaiacha tangu mwezi wa saba. Prednisoloni sijaacha kwa sababu bila hiyo siwezi kuinama. Nimepaka kitunguu maji, nimepaka mafuta ya nyonyo, na yule dada akaniuzia krimu moja ya tyubu. Sasa navaa wigi, nabandika kwa gundi lisije likaruka na upepo wa ziwa.

Sokoni wanasema ni ngoma. Nimepima mara tatu, sina. Mama mkwe anasema kuna mtu amechukua nywele zangu, anataka tuvuke kwenda kwa mtaalamu wake nikachanjwe kichwani. Nikifikiria kunyoa zote, nakumbuka mwanamke akinyoa huku kwetu swali la kwanza ni nani amefariki. Mume wangu hasemi kitu. Ila nimegundua ananitangulia kuamka, anaokota nywele kwenye mto anazitupa, anadhani sijui.

Shangazi, zitarudi? Ninyoe au nisinyoe?

Mama wa dagaa, Igombe

Nimesahau. Nyuma ya sikio la kushoto kuna baka, lilianza kama kichwa cha njiti ya kiberiti, sasa ni kama sarafu ya shilingi mia. Pembeni jeusi, katikati linaelekea weupe, lina magamba na linawasha. Msusi alisema ni mapunye. Nilipaka dawa ya mapunye miezi miwili, bado lipo. Hapo hakuna unywele hata mmoja.

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na yale maneno uliyoyaweka chini ya jina lako nimeyasoma mara nne. Umeniandikia karatasi nzima kuhusu nywele za kwenye mto, halafu baka ukalitaja mwishoni kama mtu aliyefika mlangoni akakumbuka kuagiza chumvi. Mimi naanza na baka. Nywele za kwenye mto zinaweza kusubiri, lenyewe halisubiri.

Miaka niliyofanya uuguzi kwenye kliniki ya ngozi nilijifunza kwamba mgonjwa wa lupasi anaweza kuwa na upara wa aina mbili kwa wakati mmoja kwenye kichwa kimoja, na kila mmoja una tabia yake. Upo unaopunguza nywele kichwa kizima lakini mizizi ikabaki hai chini ya ngozi. Huo unatisha kwa macho, lakini nywele hurudi. Upo mwingine unaokuja kwa mabaka, ambapo kinga ya mwili inakwenda kupiga palepale unywele unapoota. Ukiachwa, ngozi inapona kwa kovu, na kwenye kovu nywele haioti tena, upake nyonyo, upake nazi, upake dhahabu. Huo wa pili madaktari wanauita lupasi ya diskoidi. Kwa ngozi zetu nyeusi, baka lake mara nyingi linakuwa hivyohivyo ulivyoeleza: ukingo mweusi, katikati pamepoteza rangi, magamba yaliyong'ang'ania, na muwasho au maumivu.

Sisemi kwamba nimekupima kwa barua. Inawezekana msusi wako alikuwa sahihi, kwani mapunye nayo yanatoa magamba na kukata nywele, ingawa hupenda zaidi vichwa vya watoto. Lakini umepaka dawa yake miezi miwili bila nafuu, na una lupasi iliyokwisha kuthibitishwa. Hapo kubahatisha kumekwisha, kinachotakiwa ni kupimwa. Fangasi hutafutwa kwa kukwangua magamba kidogo na kuyaangalia kwa hadubini. Diskoidi ikitiliwa shaka, daktari wa ngozi anakuchoma sindano ya ganzi, anachukua kipande cha ngozi chenye upana wa kama milimita 4, na kinapelekwa maabara. Ni kidogo kuliko unavyodhani, na unarudi nyumbani siku hiyohiyo.

Kabla hujaenda, mwambie mtu akuangalizie kwenye mwanga mzuri kama pale kwenye baka bado panaonekana vitundu vidogo vya kutokea nywele. Vikiwepo, kuna cha kuokoa. Pakiwa pamelainika panang'aa, hakuna hata kitundu, hiyo sehemu huenda imeshakwenda, na kazi inayobaki ni kuzuia ukingo usisogee. Aangalie pia ndani ya bakuli la sikio lako, pale chini kabla ya tundu. Diskoidi inapapenda sana mahali hapo na watu hawapaangalii.

Matibabu yake yapo. Daktari anaweza kukuandikia mafuta makali ya steroidi, dawa za jamii ya hiyo prednisoloni yako, ya kupaka palepale kwenye baka, au kukuchoma sindano ndogondogo za steroidi ndani ya ngozi ya hapo. Na dawa ya kunywa inayotangulizwa kwa diskoidi, ujue mwanangu, ni ileile haidroksiklorokwini uliyoiacha mwezi wa saba.

Hapa nina ugomvi na huyo dada wa duka la dawa. Kuhusu malaria hakukosea kabisa, dawa hiyo ni ndugu wa klorokwini. Sisi wakubwa klorokwini tunaikumbuka, ile iliyokuwa ikituwasha mwili mzima mpaka unatamani kujikuna kwa mgongo wa ukuta, kabla serikali haijaiondoa kwenye nafasi ya kwanza ya kutibu malaria mwaka 2001. Lakini huyu ndugu yake kwenye lupasi anafanya kazi nyingine, anaituliza kinga ya mwili. Anapunguza milipuko ya ugonjwa, anasaidia ngozi na viungo, na anazilinda figo.

Tena tuhesabu miezi pamoja. Unywele una zamu: unaota kwa miaka, unapumzika kama miezi mitatu, kisha unaanguka kupisha mwingine. Mtu mzima mwenye afya hupoteza nywele 50 mpaka 100 kila siku na hashtuki. Mwili ukipigwa na homa kali, nywele nyingi zinaingia mapumzikoni kwa pamoja, halafu zinaanguka kwa pamoja miezi miwili au mitatu baadaye. Wewe ulilazwa mwezi wa tatu, zikaanza kuanguka mwezi wa sita. Ni kama mkopo wa kikoba: unakula leo, mwezi wa marejesho ndio unaoumia. Dawa uliyoanza ukiwa wodini imelaumiwa kwa sababu tu ilikuwepo karibu. Wazazi wanalijua hili, nywele hunyonyoka hivyohivyo miezi michache baada ya kujifungua, na hatujamlaumu mtoto.

Zipo dawa za lupasi zinazonyonyoa nywele kweli, kama saiklofosfamaidi na methotrekseti, lakini katika ulizotaja hazimo. Ukiandikiwa mojawapo siku zijazo, uliza kuhusu nywele, na uulize zaidi kuhusu ujauzito, kwa kuwa hizo mbili haziendi na mimba. Vile vijiti vifupi vya mbele navyo ni vya lupasi yenyewe: ugonjwa ukiwa umewaka unywele unaota mwembamba, dhaifu, unakatika kabla haujafika popote. Ukitulia, hurefuka.

Basi rudi kwa daktari wako umwambie ukweli kwamba uliacha, na tangu lini. Usione haya. Atakuanzishia tena kwa uzito wako, maana dozi ya haidroksiklorokwini kwa siku haitakiwi kuzidi miligramu 5 kwa kila kilo ya mwili. Macho yapimwe mwanzoni, kisha baada ya miaka mitano ya kuitumia yapimwe kila mwaka, kwani ikitumika muda mrefu inaweza kugusa sehemu ya nyuma ya jicho. Usitegemee muujiza wiki ya pili. Inachukua miezi miwili mitatu kuonyesha kazi yake. Prednisoloni umefanya vizuri kutoiacha. Ukiikata ghafla, tezi zilizo juu ya figo zinakuwa zimesinzia, mwili unakosa homoni yake mwenyewe, na mtu anaweza kuanguka. Inapunguzwa kidogokidogo, kwa amri ya daktari.

Mwombe pia akupime mkojo. Nywele zinaponyonyoka hivi na dawa umeiacha, sitaki tuzungumze habari za kichwa wakati figo zinaungua kimyakimya. Ukiona mkojo una povu lisiloisha, au uso na miguu imevimba asubuhi, usingoje tarehe ya kliniki. Wingi wa damu, madini ya chuma na tezi ya shingo navyo vipimwe, kila kimoja kikiyumba kinaweza kunyonyoa nywele peke yake bila msaada wa lupasi.

Na kaswende. Vipo vipimo vyake, kama VDRL na RPR, ambavyo havimtafuti mdudu mwenyewe, vinatafuta kingamwili dhidi ya aina fulani ya mafuta mwilini. Mgonjwa wa lupasi anaweza kuwa na kingamwili za kufanana na hizo bila kuwahi kuugua kaswende. Jambo hili linajulikana kwa madaktari miaka mingi, na walitakiwa kukueleza kabla nyumba haijawaka moto. Mweleze mume wako hivyo, kwa maneno hayohayo. Daktari wako naye mkumbushe majibu yale, maana baadhi ya kingamwili hizo huendana na damu kuganda na mimba kuharibika, na zina kipimo chake.

Sasa jua. Hapa ndipo kazi yako inaponitia wasiwasi. Jua huichokoza lupasi, ya ngozi na ya ndani, na wewe unaishi kama nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, juu ya ziwa lililo zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, ukiwa umeinamia vichanja mchana kutwa. Siwezi kukuambia uache dagaa, watoto watakula nini? Panga kazi upya. Kuanika na kupanga kufanyike mapema, saa nne asubuhi ikukute kivulini, na uanue baada ya saa kumi jioni. Kugeuza kwa mchana mlipe kijana, hiyo hela ihesabu kama hela ya dawa. Ukilazimika kutoka, vaa kofia ya ukingo mpana, mikono mirefu, na kitenge kizito kisichopitisha mwanga ukikiinua juu. Usoni, masikioni na shingoni paka mafuta ya kukinga jua, yenye kinga ya namba 30 kwenda juu. Watu wetu wanadhani ni ya ndugu zetu wenye ualbino peke yao, na kweli pale hospitali ya KCMC Moshi yanatengenezwa kwa ajili yao, lakini ngozi nyeusi yenye lupasi nayo inayahitaji. Muulize daktari wa ngozi aina unayoweza kupata hapa Mwanza.

Wigi sikukatazi. Wigi ni kivuli. Ninachokataa ni gundi, tena karibu na baka. Vaa kofia laini ya pamba chini yake, wigi liwe na mpira wa kukaza, na ukifika nyumbani livue kichwa kipumue. Kitunguu maji acha leo, kinaunguza ngozi iliyokwisha kuwaka. Nyonyo kidogo si mbaya, inalainisha nywele zisikatike, ila haioteshi kitu. Rasta, wivingi na dawa ya kulainisha nywele viweke kando mpaka ugonjwa utulie. (Mimi sina lupasi, lakini kingo zangu za mbele zilikwenda kwa rasta za kubana nilizosukia harusi tatu mfululizo. Msusi alikuwa ananivuta mpaka nyusi zinapanda, namwambia kaza.) Ile tyubu ya krimu usiitupe, ibebe uende nayo. Nyingi za madukani zina steroidi kali ndani. Kama baka ni fangasi, unalilisha. Kama ni lupasi, unapaka dawa ya daktari bila daktari.

Umeuliza kunyoa. Nyoa ukitaka. Kunyoa hakuzidishi nywele na hakuzipunguzi, na daktari ataona kichwa vizuri. Ila iwe kwa mashine yenye kitana, usiguse wembe. Ngozi yenye diskoidi ikikatwa au kukwaruzwa, baka jipya linaweza kuota palepale kwenye jeraha. Na hiyo ndiyo sababu yangu ya kukataa chale za mama mkwe, wala sitaki ugombane naye juu ya nani kachukua nywele. Mama mkwe anayetaka kukuvusha ziwa akutafutie dawa ni mama mkwe anayekupenda, wengine wangekuwa wameshamtafutia mumeo mwanamke mwingine. Akuombee, akushike kichwa, ni sawa. Kisu hapana, na mizizi ya kunywa isiyojulikana hapana, ukiwa kwenye dawa hizi figo na ini lako havina nafasi ya majaribio. Mchukue uende naye kliniki, akae kwenye kiti amsikie daktari mwenyewe. Nimeona wamama wakali kuliko huyo wakitoka pale wakiwa ndio wanaokumbusha saa ya kidonge.

Watakaokuuliza nani amefariki, waambie hakuna, umenyoa. Wa ngoma wameshapewa majibu matatu, usiwaongeze la nne.

Kuhusu zile za kwenye mto: ugonjwa ukitulia, kumwagika huko hupungua ndani ya miezi michache, na unywele huota kama sentimita moja kwa mwezi. Kwa hiyo hesabu mwaka mzima kabla hujapata kichwa cha kusuka twende kilioni. Ni muda mrefu, sikufichi.

Kwa dagaa najua huwezi kuondoka siku za giza wakati mitumbwi inaingia imejaa. Lakini mbalamwezi ikija taa hazivui, na wewe unakuwa na siku kumi za kukaa bila kazi kubwa. Zitumie mwezi huu huu. Panda hospitali ya Bugando ukiwa na karatasi zako zote za kulazwa, vidonge vilivyobaki na hiyo tyubu, uombe umwone daktari wa ngozi pamoja na yule anayekutibu lupasi. Waonyeshe baka kwanza, nywele baadaye.

Na yule anayeokota nywele asubuhi, mwambie unajua. Mwambie leo usiku. Kisha mpe simu akupige picha ya hilo baka, kila baada ya wiki mbili, mahali palepale, mwanga uleule wa asubuhi, aweke na sarafu ya shilingi mia pembeni yake. Liko nyuma ya sikio, wewe huwezi kuliona, na daktari atataka kujua kama limekua. Ukitoka kliniki niandikie walisema nini.

Shangazi